Fremu Mbili za Buluu

Katibu alikuwa amelala chali juu ya gunia, kichwa kiko chini ya baiskeli ya tano, kioo cha kukuzia amekibana kwenye jicho la kulia. Ni kioo kile kile alichotumia kila siku dukani kwake kutazama matumbo ya saa. Leo alikuwa amefunga duka saa tisa, akaja karakana kwa Breki kusoma namba ambazo wenye baiskeli walipaswa kumletea wenyewe wiki mbili zilizopita.

"Nne, sita, halafu ama tatu ama nane," alisema. "Breki, nipe msasa."

Breki alikuwa fundi wa baiskeli za kundi lao la waendesha baiskeli. Jina hilo alipewa kwa sababu, katika kazi zote alizowafanyia, breki ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyewahi kukilalamikia. Alimpa kipande cha msasa kwa kidole cha mguu, maana mikono yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la maji machafu, ikitafuta tundu kwenye mpira.

Kwenye benchi, chini ya magurudumu yaliyoning'inizwa ukutani, walikaa wenye baiskeli mbili za mwisho: Mwokaji, mtu mpana mwenye unga kwenye nyusi, na Mwalimu, mwanamke mwembamba wa shule ya msingi aliyekuja na madaftari ya kusahihisha.

"Kwani kunasomwa nini huko chini?" Mwokaji aliuliza. "Mimi namba nilikutumia."

"Ulinitumia ukubwa wa tairi, kaka."

"Zilikuwa namba."

Katibu alipuliza vumbi la rangi lililomwangukia mdomoni, akaendelea kusugua taratibu.

Safari ilikuwa Jumamosi. Watu sita, hao wanne pamoja na nesi na fundi umeme, baiskeli sita, feri ya saa moja asubuhi. Mwendo wa saa mbili majini, kisha kilomita kumi na sita katika nchi ya ng'ambo, kisha kumi na sita za kurudi, na feri ya saa kumi na moja jioni kuwarudisha nyumbani. Ofisi ya bandari ilitaka orodha: jina, pasi, kadi ya baiskeli, na namba iliyogongwa chini ya fremu, pale pedali zinapokutana. Kama namba ya fremu hailingani na kadi, baiskeli haipandi. Mwisho wa kupeleka orodha ulikuwa kesho saa sita mchana.

Na sita ilikuwa ni sita kweli. Kibali cha siku moja kilitolewa kwa kundi la watu wasiopungua hapo. Mtu aliyekwenda peke yake alihitaji viza, na Katibu alikwisha kunyimwa viza mara mbili bila kuambiwa sababu. Huko kwenye kilomita ya kumi na sita alikaa dada yake mkubwa, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne. Dada hakuweza kuvuka yeye. Mumewe alikuwa amelala kitandani upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na hakuwa na wa kumwachia hata kwa siku moja. Mara mbili kundi lilipanga kwenda. Mara ya kwanza pasi ya nesi ilikuwa imekwisha muda. Mara ya pili fundi umeme alikwenda harusini bila kuaga. Mara zote mbili dada alipika chakula cha watu sita, akakila na majirani.

"Ni nane," Katibu alisema. Alisoma namba yote kwa sauti, akaiandika, akatoka chini ya baiskeli na kuchukua kadi ya Mwokaji.

Akaitazama kadi. Akarudi chini. Akasoma tena, safari hii kutoka mwisho kuja mwanzo. Akatoka, akachukua kadi ya Mwalimu, akaitazama pia. Kisha akalivuta gunia hadi kwenye baiskeli ya sita, ya Mwalimu, nayo ya buluu vile vile, akalala.

"Mbona kimya?" Mwalimu alisema, kalamu nyekundu ikiwa hewani.

Katibu alichukua dakika kumi nzima. Alipoinuka, alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Breki. Hizi mbili ulizipaka rangi lini?"

"Mwaka juzi. Wiki moja zote. Rangi ilibaki kwenye kopo, nikasema isiharibike."

"Ulizifungua zote kwa pamoja?"

Breki alitoa mikono kwenye beseni. Alitazama baiskeli moja, akatazama ya pili, na uso wake ukaanza kufanya hesabu ambayo haukuipenda.

"Zilikuwa duka moja, aina moja," alisema polepole. "Zikishapakwa, ukizitundika pale, kwa kweli..."

"Kwa kweli nini?" Mwokaji alisimama.

"Unaendesha fremu ya Mwalimu," Katibu alisema. "Na yeye yako. Usukani wako, kiti chako, magurudumu yako, kengele yako. Ila fremu ni yake."

"Fremu ni kipande tu," Mwalimu alisema.

"Kwa bandari, Mwalimu, fremu ndiyo baiskeli. Mengine yote ni nguo."

Mwokaji aliitazama baiskeli yake kama mtu aliyeambiwa mkewe ni wa jirani. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaeleza kila Jumapili jinsi anavyopanda kilima cha tangi la maji bila kushuka, na kwamba siri yake ni kifua.

"Kumbe kifua ni changu," Mwalimu alisema.

Breki alicheka, akaona amecheka peke yake, akarudi kwenye beseni.

"Basi badilisha kadi," Mwokaji alisema.

"Inachukua wiki mbili. Niliuliza tangu mwezi uliopita, nikijua kundi langu."

"Basi Jumamosi kila mtu apande ya kadi yake, yaishe."

"Uketi kwenye kiti changu wewe?" Mwalimu alifunga daftari. "Hapana. Kiti kihame, na usukani. Mengine sina neno."

Yangekwisha hapo, kama Mwokaji asingeinama kuitazama fremu aliyokuwa anarudishiwa. Chini ya bomba la kiti palikuwa na kovu la kuchomelea, nene kama kidole.

"Hii nini?"

"Niliingia mtaroni mwaka jana," Mwalimu alisema.

"Umeniangushia baiskeli mtaroni?"

"Nilianguka na baiskeli yangu. Ningejua ni yako ningeanguka taratibu."

"Mimi nina kilo mia na kumi. Nipande chuma kilichochomelewa, nchi ya watu? Hapana. Nendeni. Mimi nabaki."

"Imeshikwa vizuri hiyo," Breki alisema. "Niliichomelea mimi."

"Ndiyo maana nabaki."

Katibu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, orodha magotini. Watano, aliwaza. Alitamani kupiga kelele, lakini hakuwa na mazoea hayo, na alijua sauti ingetoka vibaya. Alikuwa amewapigia hawa watu simu thelathini na moja. Alijua tarehe za kwisha pasi zao kuliko walivyozijua wenyewe.

Simu yake ikalia. Vidole vilijaa grisi, kwa hiyo Mwalimu aliichukua kutoka mfuko wa shati la Katibu, akaibonyeza na kuilaza kwenye kiganja ili wote wasikie, akidhani ni bandari.

"Mdogo wangu," sauti ya mwanamke ilisema. "Nipike au nisipike?"

Katibu alisafisha koo. "Usipike bado, dada. Tuko kwenye namba."

"Namba gani tena? Kwanza ilikuwa pasi. Halafu harusi. Sasa namba."

"Namba za fremu."

"Haya. Sikulaumu. Wewe tangu utoto ukifungua kitu hukifungi mpaka kila skrubu iwe na jina." Sauti ikashuka. "Ila shemeji yako ananiuliza kila asubuhi kama ni leo. Anataka anyolewe ndevu kabla hujafika. Nimemnyoa mara mbili bure. Safari hii sishiki wembe mpaka nione vumbi barabarani."

"Nitakuambia kesho saa sita."

"Kesho saa sita. Wasalimie hao wenzako. Waambie mimi ndiye niliyewapikia."

Simu ikakatika. Mwalimu aliirudisha mfukoni mwa Katibu kwa uangalifu, kama anaweka yai.

Mpira ulitoa mapovu kwenye beseni na Breki hakuutazama. Mwokaji alichuchumaa mbele ya lile kovu, akalipitishia kidole gumba juu, akalipitishia chini. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili na kuiegemea kwa uzito wake wote. Haikulia.

"Ikikatika nitakuvunjia vipande vyake kichwani," alimwambia Breki. "Nipe spana ya kumi na tatu."

"Ya kumi na nne."

"Miaka miwili umenipandisha baiskeli ya mwanamke, leo unanisahihisha spana."

Wakafungua. Usukani ulihama bila taabu. Kiti cha Mwokaji kilitoka. Cha Mwalimu hakikutoka. Bomba lake lilikuwa limeshikana na fremu kwa kutu, na hata Mwokaji alipolizungusha mpaka shingo ikavimba halikusogea hata unywele.

"Uliwahi kulipaka grisi?" Katibu aliuliza.

Breki aliangalia mlangoni. Nje mwanga ulikuwa umeanza kupungua na wenye maduka wanaingiza vitu ndani.

"Tutie mafuta, tuliache lilale," alisema. "Kesho litatoka lenyewe."

"Hakuna kitu katika karakana hii kimewahi kutoka chenyewe," Katibu alisema.

Breki alitia mafuta hata hivyo, tone kwa tone kuzunguka bomba, na Mwalimu akafunga kitambaa yasichuruzike. Katibu aliandika mistari miwili ya mwisho kwa penseli.

"Saa kumi na mbili asubuhi hapa," alisema.

"Saa kumi na mbili natoa mikate," Mwokaji alisema.

"Saa moja."

"Saa moja niko darasani," Mwalimu alisema.

"Basi acha kiti, tutakihamisha mimi na Breki."

"Breki asikiguse kiti changu."

Katibu alifumba macho, akayafumbua. "Saa kumi na moja na nusu," alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Mikate bado iko tanuruni, darasa halijafunguliwa. Breki, wewe unalala hapa hapa nyuma, huna la kusema."

Breki aliongeza tone moja la mafuta kwenye bomba.