Macho Yapo kwa Mama

...na bado kimya, mkunga anasogeza kifaa changu chini kidogo ya kitovu, anakibonyeza, hakuna mapigo ya moyo wa mtoto, ni mkwaruzo tu, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili, na mama aliyelala kitandani, aliyekwisha kupoteza mimba mbili, ameuma mdomo, labda bosi alisema kweli, "Ukitoa kioo utabaki na redio tu," miezi minane nilikihangaikia kioo kile, namba za kijani, mstari unaopanda na kushuka, nikakileta hapa nikijiona fundi wa mafundi, na mkunga huyuhuyu akakigeuzia ukutani, nikafura, nikauliza kulikoni, akajibu bila hata kugeuka, "Mwanangu, mikono yangu ipo tumboni, macho yangu yapo kwa mama, hicho kioo nikitazame kwa jicho gani?"... nilinuna wiki nzima, kisha nikashika bisibisi, nikakitoa, nikaweka spika mahali pake... "Vuta pumzi, mama, usiibane," kifaa kinateleza kushoto, mkwaruzo, mkwaruzo, Mungu wangu, nisije nikawa nimeunda kitu cha kumsikilizisha mtu msiba wake, jamani, sogeza tena, sogeza... na hapo, tuku-tuku-tuku-tuku, mbio, chumba kizima, mpaka kwenye nyayo zangu, "Ni yeye?" mama anauliza, na mkunga anatabasamu tu, mama mwenyewe amesikia, sekunde ileile tuliyosikia sisi, hakungoja mtu asome namba kwanza halafu amtafutie maneno... na mimi mikutanoni kutwa mtumiaji hivi, mtumiaji vile, nikimaanisha mkunga, kumbe na huyu aliyelala yumo, huyu hasa, na sikuwahi kumuuliza hata swali moja, lo, "Sista, usikitoe," anasema, machozi yanamwingia masikioni na hayafuti, "niachie kidogo," ameushika mkono wa mkunga ulioshika kifaa, tuku-tuku-tuku, mia na arobaini kwa dakika hivi, hapana, acha kuhesabu, hebu acha, sikiliza, kuna mtu mle ndani, hajawahi kuona mwanga, hajui kama kuna chumba, hajui kama watu watatu wamezuia pumzi kwa ajili yake, anapiga tu, anapiga, na mimi niliyekuja kupima kama kifaa kinafanya kazi nimesimama hapa nimesahau kabisa kwamba kuna kifaa...