Pikipiki Iliyoitwa Atuat

Pikipiki ilikuwa imeshapita duka la ushirika na kuiacha nyumba ya mwisho Niviatsiak alipotoka mlangoni na chupa ya chai. Ilikwenda mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, matairi yake manne yakisaga kokoto, kiti kitupu, ufunguo haumo. Mumewe, Ulayok, alikuwa hatua kumi nyuma yake, mikono mgongoni, kofia ameivuta mpaka masikioni.

"Mzee! Glavu zako!"

"Niletee huku. Mimi nitasimamaje na mwenzangu hasimami?"

Niviatsiak aliwafuata. Alipowafikia alipita nyuma ya pikipiki, si mbele, kwa sababu tangu alipojua ni nani hakutaka kumkatizia njia mama mkwe wake. Akampa mumewe glavu na chai, akarudi.

Jirani yao Kaludjak alikuwa anaanika samaki kwenye miti ya uani.

"Leo katoka mapema," alisema.

"Jana alichelewa. Mvua," alisema Niviatsiak.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba na pikipiki ilikuwa inaondoka kwa mara ya kumi na moja. Ilifuata njia ya kaskazini, ikapita uwanja wa ndege, ikaingia kwenye nyika ya ukoka na madimbwi. Kwenye kilomita ya kumi na moja, pale panapoitwa Jiwe la Mbwa, injini ilikohoa mara tatu, ikazima. Taa nyekundu iliwaka, na kwenye kioo kidogo cha mbele yakatokea maandishi yale yale ya siku zote: E3-417. Ulayok aliketi chini, akaegemeza mgongo kwenye tairi lililokuwa bado na joto, akanywa chai akimsubiri Pissuk.

Pissuk alikuwa mtoto wa dada yake, na ndiye fundi wa gereji ya kijiji. Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Haikuwa na madigadi, kiti chake kilikuwa ngozi ya sili iliyofungwa kwa kamba, na iliwaka kwa stata moja hata kwenye baridi ya kupasua mawe.

"Mjomba," alisema akifunga kamba ya kuvutia, "chuma changu hiki kingekuwa kijana kingeshaoa. Na kila siku kinavuta kipya chako kama mbwa mgonjwa. Huoni haya?"

"Usimtukane bibi yako."

"Simtukani bibi. Namtukana aliyemtengeneza." Akaifuta taa ya pikipiki kwa mkono wa koti lake. "Shikamoo, bibi. Twende nyumbani."

Pikipiki hizo zilikuwa kumi, zote za njano, zilizoshushwa na meli ya Agosti kutoka kampuni moja ya kusini. Na zote kumi zilikuwa mbovu. Nyuma ya injini kulikuwa na kifaa cha kupima joto, kidogo kama kidole gumba, ambacho kikiingiwa na unyevu kiliiambia kompyuta kwamba injini inaungua, na kompyuta ikazima kila kitu. Katika nchi ambayo nusu yake ni maji, kila kifaa kiliingiwa na unyevu. Wiki tatu hazikwisha, kijiji kizima kilikuwa kinakohoa. Pissuk aliugundua ubovu huo mchana mmoja, kati ya chakula na chai. Lakini kampuni haikuuza kifaa hicho peke yake.

Tisa zilibaki pale pale zilipozimikia. Ya kumi ndiyo iliyokuwa ikitembea, na kila mtu alijua sababu. Kosa lilikuwa la Ulayok mwenyewe.

Kule kaskazini kwenye barafu, mtu akifa jina lake halizikwi. Hupewa mtoto atakayezaliwa, na mtoto huyo huwa yule yule aliyeondoka. Mjane atamwita mume, na kaka mkubwa wa marehemu atamgawia kipande cha samaki alichokuwa akikipenda. Lakini ukoo wa Ulayok haukutoa jina la mtu ambaye hawana hakika kwamba amekufa. Huko ni kumnyang'anya. Na mama yake Ulayok, Atuat, hakuna aliyewahi kuleta habari kwamba amekufa.

Alichukuliwa na meli ya madaktari mwaka Ulayok alipokuwa na umri wa miaka mitatu. Mashua ilikuja mpaka kambini kwao, mtoni, ikawapeleka watu wazima kupigwa picha za kifua. Atuat alimwacha mtoto amelala hemani, upande wa kushoto, karibu na ukuta wa nyuma. Picha yake ilionyesha doa, na mwenye doa hakushushwa. Shingoni alikuwa na kibati chenye namba, kama watu wote wa wakati ule, maana serikali iliona majina yao ni magumu kuandika. Walisema atatibiwa kusini na atarudishwa msimu ujao. Ulayok alikuwa ameandika barua kumi na nne katika maisha yake. Kila mara ofisi ya serikali ilijibu kwamba bila namba haiwezi kutafuta, na namba alikuwa ameivaa mama yake.

Kwa hiyo jina la Atuat lilikuwa limekaa miaka sabini likisubiri. Siku pikipiki ilipotolewa kwenye sanduku lake ufukweni, Ulayok aliiwasha, nayo ikakohoa. Alikuwa na furaha, watu walikuwa wengi, na ulimi ulimtangulia.

"Sikieni!" alisema, akiligonga tangi. "Anakohoa kama Atuat!"

Niviatsiak alimshika mkono, lakini jina lilikuwa limeshasemwa juu ya kitu kipya kisicho na jina.

"Umempa," alisema.

"Nilikuwa natania."

"Ameshapokea."

Kesho yake asubuhi pikipiki haikuwepo mlangoni. Waliikuta Jiwe la Mbwa, imeelekea kambini mtoni, kilomita saba mbele.

Ulayok hakutaka kingine tena. Alitaka ifike. Alitaka kuwa pale itakapofika, ili aonwe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu na nyonga mbovu, na kila siku alizitembea kilomita kumi na moja nyuma ya ile pikipiki ili isiwe peke yake.

Pissuk alimpigia simu wakala wa kampuni, kilomita elfu moja na mia tano kusini. Aliweka sauti kubwa ili mjomba wake asikie.

"Waranti yenu ni nzuri kabisa," alisema mwanamke wa upande wa pili. "Mtuletee tu mashine."

"Mama, huku hakuna barabara."

"Barabara ya karibu iko wapi?"

"Kwenu."

"Basi ipakieni kwenye meli. Tutawapa namba, mfunge kibati kwenye usukani isije ikapotea. Ikipona tutairudisha msimu ujao."

Ulayok aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

"Na hii E3-417 ni ugonjwa gani?" aliuliza Pissuk.

"Hiyo haimo kwenye kitabu chetu. Mashine zetu hazina maandishi hayo."

Ni Niviatsiak aliyeyatambua. Alipanda kiti, akashusha kopo la chai lililokuwa juu ya kabati, akatoa kibati cha marehemu baba yake, akakiweka mezani mbele ya Pissuk. Kiliandikwa E3-392.

"Hiyo ni namba yake," alisema. "Anaitaja kila siku, na sisi tunamtafutia spana."

Ulayok aliandika barua ya kumi na tano siku hiyo hiyo.

Meli ya mwisho ya mwaka iliondoka Ijumaa. Pikipiki tisa zilipangwa ufukweni zikiwa na vibati kwenye usukani. Ulayok naye alikuja na yake, kwa kuivuta, kwa sababu Pissuk alimwomba angalau afikiri. Baharia kijana wa kwenye winchi alimpa kibati na kipande cha waya.

"Hii ya kumi, mzee? Ifunge tuondoke, maji yanapungua."

"Mtairudisha?"

"Msimu ujao."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Ulayok alikigeuza kibati mkononi. Pikipiki ilikuwa imesimama kimya, na maji ya ukungu yalikuwa yanachuruzika kwenye taa yake.

"Mjomba," alisema Pissuk kwa sauti ya chini. "Ukimweka hapa atakohoa mpaka mwisho. Kule wana dawa yake. Kitu cha dakika tano."

"Najua."

"Basi?"

"Hata mara ile walikuwa nayo dawa." Akakitia kibati mfukoni. "Tufungie kamba."

Meli ilibeba tisa.

Jumamosi walitoka watatu, mzee na mkewe wakiwa kwenye kigari cha nyuma cha Pissuk, na pikipiki ya njano ikivutwa mwisho wa kamba. Walichukua mikate ya kukaanga, nyama kavu ya kulungu na galoni moja ya petroli. Walipita Jiwe la Mbwa bila kusimama. Kwenye vilima vya mwisho kamba ililegea, kwa sababu pikipiki ilikuwa imewaka yenyewe na sasa inaisukuma ile iliyokuwa ikiivuta.

"Bibi, taratibu!" alisema Pissuk. "Utaniua kwa haraka zako!"

Kambini mawe ya kushikilia hema yalikuwa bado kwenye duara lake, yameota kuvu. Pissuk alifungua kamba. Pikipiki ililizunguka duara, ikaingia mahali palipokuwa mlango, ikaenda upande wa kushoto, karibu na ukuta wa nyuma, ikasimama. Haikukohoa. Taa yake ilimulika chini, kwenye majani.

Ulayok aliingia, naye kwa mlangoni, akasimama kwenye mwanga.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Usukani uligeuka. Mwanga ulimpita magotini, ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukatua tena chini kwenye majani.

"Ni mimi, Ulayok."

Mwanga haukuinuka.

"Anatafuta mtoto wa miaka mitatu," alisema Niviatsiak kutoka nje ya duara. "Wewe una meno ya bandia."

Ulayok alifikiri. Kisha akavua kofia, akapiga goti moja, halafu la pili, polepole kwa sababu ya nyonga, akalala ubavu pale pale kwenye mwanga, magoti ameyakunja kifuani. Injini ilinguruma. Joto lake lilimfikia mgongoni. Niviatsiak na Pissuk walikula mkate wakitazama mto. Baada ya saa mbili hivi petroli iliisha, na taa ikafifia mpaka ikazima.

"Amekutambua?" aliuliza Pissuk akimwinua.

"Hapana," alisema Ulayok. "Lakini hakuniondoa."

Waliongeza ile galoni. Haikuwaka, na breki zilikuwa zimekaza, hivyo wakaiacha hapo.

Mwaka uliofuata, kati ya zile tisa, meli ilirudisha tatu, zikiwa na kifaa kipya cha aina ile ile, nazo zilikohoa kabla ya mwisho wa Septemba. Ya Kaludjak haikurudi. Wakala alisema hana kumbukumbu ya kuipokea, akamtaka ataje namba, na namba ilikuwa kwenye usukani.

Ofisi ilimjibu Ulayok Januari iliyofuata. Ilimshukuru kwa kuleta namba. Faili la E3-417 lilipatikana na lilikuwa na mstari mmoja, kwamba mgonjwa yuko kwenye matibabu kusini na anatarajiwa kurudi. Mahali alipo hapakuandikwa.

Ulayok alikwenda kambini kila Jumamosi barafu iliporuhusu, akalala kwenye duara kwa muda, akarudi. Alikufa Aprili, kwa kifua. Mwezi wa Juni mke wa Pissuk alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la Ulayok. Niviatsiak humwita mume wangu, humshonea glavu, na humlaumu kwa mambo ya zamani ambayo mtoto huyakubali bila ubishi.

Alipotimiza miaka mitatu walimpeleka kambini kuchuma matunda. Pikipiki ilikuwa haina petroli, na betri yake Pissuk alikuwa ameshaichukua kwa kazi nyingine. Mtoto alipoingia kwenye duara taa iliwaka, ikamshika usoni, ikabaki hapo. Mtoto aliparamia tairi, akakaa kitini.

"Nilikuwa nimelala," aliiambia.

Ilimzungusha duara mara tatu bila kukohoa, ikamrudisha upande wa kushoto, ikazima. Haijawaka tena. Pissuk aliifungua akakikuta kifaa cha kupima joto kimeingiwa na unyevu vile vile.

Mwezi huo Niviatsiak aliiandikia ofisi kwamba E3-417 ameshafika nyumbani, wafunge faili na waseme mwili wake uko wapi. Ofisi ilijibu kwamba taarifa zilizomo kwenye faili haziwezi kubadilishwa mpaka mhusika aletwe kusini athibitishwe. Niviatsiak aliikunja barua, akaiweka chini ya kiti cha pikipiki, pamoja na kile kibati ambacho Ulayok hakukifunga.