Mgeni Asiyetaka Kulishwa

Siku tingatinga la kampuni ya michikichi lilipoanza kuuchuna mlima Bung Rayang, Mijen alipanda na panga, akang'oa shina moja la mmea uitwao chungu cha nyani, akashuka nalo mgongoni kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa shina la mwisho. Huko juu kila jani lilining'iniza chungu chenye kifuniko, kikubwa hivi kwamba, Mijen huapa, panya alitumbukia humo na mahari yake yote. Ndani ya vyungu hivyo marehemu mkewe alipika wali wa kunata wa Gawai, sikukuu ya mavuno.

Alilipanda kwenye mtungi kando ya ngazi ya jikoni. Mwezi ukapita bila chungu hata kimoja. Majani yakawa manjano. Asubuhi moja akatia kidole kwenye udongo, akanusa. Kinyesi cha kuku. Ukoko wa wali. Mafuta ya nguruwe. Na pombe!

"Sinyum!" Alifoka hadi kuku wakataga kabla ya saa.

Dada yake akatokeza na mwiko. "Nini tena?"

"Nani amemlisha huyu?"

"Mimi. Na majirani. Kila anayepanda ngazi humwachia kidogo. Kwani mgeni akae mlangoni kwetu na njaa? Watu watatusemaje?"

"Huyu halishwi chini, wewe! Mlimani alikaa kwenye udongo usio na kitu, ndiyo maana akajitengenezea vyungu vya kunasa wadudu. Ukimshibisha mizizi inaungua. Unaniulia!"

"Sijaona mtu akifa kwa kushiba, kaka."

"Utamwona leo, na atakuwa na mwiko mkononi!"

Sinyum hakurudi nyuma hata hatua. "Mbona tingatinga hukulifokea hivi?"

Siku ile Mijen alisimama mbele ya lile dude na panga lake. Dereva akapiga honi mara moja tu, naye Mijen akalipisha.

Aliunyanyua mmea kwa nguvu hata mtungi ukapasuka. Akauchovya mizizi kwenye pipa la maji ya mvua, akaiosha uzi kwa uzi, akiivuta kwa hasira.

"Utaikata hivyo," alisema Sinyum. "Lete nishike."

"Usiguse!"

Sinyum akaishika hivyohivyo. Waliosha pamoja, wakaupanda kwenye makumbi ya nazi na mkaa. Mijen akachomeka kibao: ATAKAYEMLISHA, NITAMLISHA KIBAO HIKI.

Wiki ya Gawai, kwenye ncha ya jani jipya, kikachomoza chungu cha ukubwa wa kidole gumba. Kifuniko kilikuwa kimefunguka, na ndani sisimizi mmoja akiogelea.

Sinyum akainama kutazama. "Tukikate? Wali wa kijiko kimoja utatosha."

"Jaribu."

"Nakutania, mzee. Nimeshakata mianzi, tutapikia humo."

Kutoka Bung Rayang ngurumo za mashine zilisikika bado. Mijen akachukua panga lake ukutani, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi sikukuu hii?"

"Kupigiwa honi," alisema Mijen, akashuka ngazi.