Themostati kwenye Kopo la Tumbaku

Mara ya tatu pikapu ilipochemka, Merle Tuckwell alishuka akaubamiza mlango. Mama yao alikuwa anakata roho hospitalini katika mji wa Charleville, kilomita mia na kumi mbele, na wao wamekwama kwenye vumbi jekundu wakitazama mvuke.

“Tulia, dada. Ni maji tu,” alisema kaka yake, Dooley, akinyanyua dumu.

“Maji yamejaa! Umeyajaza mara mbili, na yai bichi ukatumbukiza, eti kuziba tundu. Tundu liko wapi? Rejeta haivuji, feni inazunguka, mkanda umekaza. Nipishe.”

“Gari la baba nalijua mimi.”

Hilo ndilo lilikuwa jibu la ukoo ule siku zote. Baba alipofariki, shamba la kondoo alipewa Dooley, karakana Dooley, pikapu Dooley, kwa kuwa ni wa kiume. Merle, aliyekuwa akifungua injini tangu ana miaka kumi na miwili, alipewa kabati la vikombe vya chai. Mama aliyaona hayo akanyamaza. Juzi tu ndipo alipopiga simu: “Njoo, Merle. Kuna neno nilipaswa kukuambia zamani.”

Neno hilo ndilo Merle alilolifuata. Na mara mbili za kwanza Dooley alimkataza asiguse, saa mbili zikapotea wakingoja injini ipoe.

Safari hii hakuomba ruhusa. Alizungushia mkono kitambaa, akagusa bomba la juu la rejeta, kisha la chini. Injini ilikuwa moto wa kuunguza, bomba la chini lilikuwa karibu baridi.

“Maji hayapiti kwenye rejeta. Themostati, ile vali ya kupitisha maji, iko wapi?”

“Baba aliitoa. Nchi ya joto hii, ya nini kidude cha kuzuia maji? Kila mtu huku anaitoa.”

“Na kila mtu huku ni mjinga! Injini hii ina njia ya mkato, isiyopita kwenye rejeta. Kile kidude kikifungua njia ya rejeta, ndicho kinachoziba ile nyingine. Ukikitoa, maji yanarudi injini na moto wake. Ukienda dukani tu hapo karibu, huoni tatizo. Safari ndefu ndiyo inakuumbua.”

“Nani kakwambia?”

“Nilimwambia baba nikiwa na miaka kumi na tisa. Akaniambia nikachemshe chai.”

Basi Merle akachemsha maji ya chai kweli. Baba hakuwa mtu wa kutupa kitu: chini ya kiti kulikuwa na kopo la tumbaku, na ndani yake, katikati ya nati, themostati yenyewe. Aliwasha moto wa vijiti, akaitumbukiza kwenye kopo la kuchemshia chai. Maji yalipotokota, ikafunguka: bado nzima. Akakata gasketi ya kuzuia kuvuja kwenye boksi la bia, akaipaka grisi, akafunga.

Mshale wa kipimo cha joto haukupanda tena mpaka Charleville.

Nesi aliwapokea mlangoni. “Poleni sana. Haijapita nusu saa tangu atutoke. Nilimwambia mko njiani, akauliza nani anaendesha. Nikamjibu kama ulivyosema kwenye simu kabla hamjaondoka, kwamba ni kaka yako. Akasema, ‘Basi hawatafika.’”

Merle alikaa kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama kwa vidole vyake vya grisi. Kumbe mama alijua fundi wa kweli ni nani. Miaka yote alijua, na asimwambie mtu ila nesi asiyemfahamu. Merle alitaka kulia, lakini hasira ilimzidi.

Nje, kwenye korido, Dooley alikuwa akizungumza na mjomba wao kwa simu.

“Ilichemka, ndiyo,” alisema. “Ila nimeshaitengeneza.”