Mpenda Misiba

"Wewe Adolf, hebu shusha hiyo brashi! Unachora nini kwenye kichanja changu?"

Adolf, kijana wa ofisi ya ushirika, hakuishusha. Alimalizia kwanza mstari wa pili, ukakatana na ule wa mwanzo, na nguzo ya kichanja cha Melania ikabaki na X nyekundu inayochuruzika rangi hadi mchangani. Melania alikuwa ameinama akigeuza dagaa wake, mikono imejaa magamba mpaka kwenye viwiko. Alisimama wima, mgongo ukilia.

"Shikamoo, mama," Adolf alisema.

"Marahaba. Sasa nijibu."

"Vyenye X vinang'olewa kesho. Ni vya wale ambao hawakujiandikisha. Waliojiandikisha wanahamia kule juu, kwenye vichanja vipya vyenye paa." Alichovya brashi kwenye kopo. "Kwani hukupata ujumbe?"

"Ujumbe gani?"

"Wa kwenye simu, mama. Una wiki mbili sasa. Kitabu kinafungwa leo saa kumi."

Alipita zake kwenda kichanja kinachofuata, cha jirani yake Esther. Melania alitupa macho kule alikotoka Adolf. X. X. X. Kichanja kimoja kimerukwa, kisha X tena. Mwalo mzima wa Kibirizi ulikuwa umepigwa alama za kubomolewa mchana kweupe, na wanawake walikuwa wanageuza dagaa wao kana kwamba jirani anapakiwa rangi ukuta. Kila mmoja alidhani ni mambo ya mradi, ya wakubwa, hayamhusu.

Hayamhusu! Neno hilo ndilo lililokuwa limewafikisha hapo.

Miezi mitano nyuma jambo kama hili lisingewezekana, kwa sababu miezi mitano nyuma Kibirizi ilikuwa na Melania. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa mtangazaji wa Ushirika wa Wakausha Dagaa. Kila asubuhi mitumbwi ikishashusha, alijifunga khanga kiunoni, akachukua kipaza sauti cha ofisi na kupita katikati ya vichanja akisema kila kitu kwa kila mtu. Chanjo ya watoto. Mbuzi aliyepotea. Boti ya Mwamgongo itakayochelewa kuondoka. Hakuchagua nani asikie nini. Asiye na mtoto alisikia habari za chanjo, akaenda kumwambia shemeji yake. Asiyesafiri alisikia habari za boti, akampungia mkono mgeni aliyekuwa anakimbilia majini bure. Ndivyo watu walivyoishi, kila mmoja akibeba kidogo habari ya mwenzake.

Alikuwa na sharti moja tu, tanzia kwanza. Kabla ya chanjo, kabla ya mbuzi, kabla ya bei ya chumvi. Akiwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye, jamani, kuna tanzia," mikono ilisimama juu ya dagaa, wapagazi walitua mizigo, na hata waliokuwa wakitukanana waliahirisha. Alitaja jina la marehemu, alikotoka, ni mtoto wa nani, atazikwa wapi. Kisha alinyamaza kidogo, mtu apate haki yake ya kunyamaziwa. Ndipo aliposema, "Sasa na mengine."

Halafu akaja Castory, katibu mpya, na programu ya simu inayoitwa Mwalo Wangu. "Kila mwanachama atapata yale anayoyapenda na yanayomhusu tu," aliwaambia mkutanoni. "Hakuna tena kupigiwa kelele za mambo ya wengine." Watu walipiga makofi. Melania alipewa kitenge na soda, na hapo ndipo alipojua kwamba kwa miaka tisa alikuwa anapiga kelele.

Hata hivyo hakununa. Alikubali kuwekewa hiyo programu, na kila asubuhi alifungua tanzia kwanza, kwa sababu hakuona mtu mwenye malezi angefunguaje bei ya chumvi kabla ya kujua nani kafa. Wiki ya kwanza alikuta tanzia mbili tatu. Mwezi wa pili zilikuwa zimejaa, za Kasulu, za Kibondo, za Uvinza, watu asiowajua wala kujuana nao. Juu ya orodha hiyo kulikuwa na maandishi madogo: "Kwa kuwa unapenda hizi." Macho yake hayakuyafikia maandishi madogo. Alidhani tu kwamba mwaka umekuwa mbaya. Alikwenda hadi parokiani kumwomba padri auombee mkoa.

Sasa, akiwa na rangi nyekundu kwenye nguzo yake, aliivua aproni ya nailoni, akaitupa juu ya dagaa, akapanda kwenda ofisini.

Castory alikuwa kijana msafi tena mwenye adabu, na hilo lilizidi kumuudhi Melania. Mtu mwenye adabu hakupi hata mwanya wa kumgombeza.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Mwanangu, kwa nini hatukuambiwa habari za vichanja?"

"Mliambiwa, mama." Aliigeuza kompyuta amwoneshe. "Tangazo hili hapa. Limefika kwa watu hamsini na wanane."

"Na wenye vichanja tuko wangapi?"

Castory alikuna shingo. "Mia na arobaini na kitu."

"Hao wengine ameambiwa nani awaambie?"

"Sikiliza, mama, nikueleweshe. Mfumo unaangalia mtu anapenda kufungua vitu gani. Asiyefungua matangazo ya ofisi haumsumbui nayo. Unampelekea anachopenda. Kwa mfano wewe..." Alibonyeza, akasogeza uso kwenye kioo, akasoma bila ubaya wowote. "Wewe unapenda misiba."

Melania alihisi masikio yanawaka moto.

"Nani kakwambia napenda misiba?"

"Si mimi, mama. Ni mfumo. Umefungua tanzia mia tatu na kumi na mbili. Matangazo ya ofisi mawili."

"Castory, nitazame mimi, acha hicho kioo. Mume wangu nimemzika mwenyewe. Kaka yangu ziwa lilimrudisha siku ya nne, nikamtambua kwa mkanda. Halafu unaniambia napenda misiba? Nafungua tanzia kwa sababu mtu amekufa! Mtu akifa anasikilizwa kwanza. Hiyo ni heshima. Kwenu siku hizi heshima inaitwa kupenda?"

"Mama, mimi sijasema..."

"Esther anapenda nini?"

Castory alibonyeza tena, sauti imepungua. "Kwaya."

"Saumu mwenzetu je?"

"Mishono ya nguo. Na mapishi."

"Kwa hiyo mtu akisikiliza kwaya hakaushi dagaa? Akitazama mshono hana kichanja? Mmekaa humu mkatuchungulia tunavyopumzika, mkaona hizo ndizo akili zetu zote. Hivyo vichanja vipya vitakavyobaki anapewa nani?"

"Wanunuzi wa jumla," Castory alisema. "Jumatatu."

Melania akawaona akilini hao wanunuzi wa jumla na malori yao, na akina Esther wakibebeana mabeseni, wakiwaomba nafasi ya kuanika juu ya waya ambao ungekuwa wao. Aligeukia mlangoni, akatazama kule chini walikokuwa wenzake. Castory akaona huo ndio wasaa wake. Alisogeza kitabu na pedi ya wino mbele ya mama huyo.

"Wewe umefika, mama, huna shida. Weka dole gumba hapa. Cha kwako kipo, tena kizuri, cha karibu na bomba."

Dole gumba lilikuwa pale, na wino ulikuwa pale. Melania alikuwa na miaka hamsini na sita, na nje ya kichanja hakuwa na kazi nyingine yoyote duniani. Alijua fika kwamba akibonyeza atalala usingizi.

"Nikishaweka mimi, wenzangu je?"

"Tutatuma tena tangazo."

"Kwa nani?"

Castory aliigeukia tena kompyuta.

"Lete kipaza sauti."

"Hakipo, mama. Kimeazimwa harusini, Bangwe."

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro. Melania alitoka bila kugusa wino.

Alianza kuita tangu kwenye mteremko. "Jamani! Wenye vichanja! Njooni mwandikwe!" Hakuna aliyeinua uso. Miezi mitano ilitosha kuwafundisha watu kutosikia. Esther alikuwa amechomeka vitu masikioni, midomo ikifuatisha kwaya. Redio ya muuza chai ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Saumu alimwona anavyopunga mikono, akampungia naye, akadhani anasalimiwa. Melania aliita tena, sauti ikapasuka katikati, na mpagazi mmoja aliyekuwa anapita na gunia akasema, "Mama, si tulishaambiwa kelele zimeisha?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Melania, na hayakuwa ya huzuni. Yalikuwa ya ghadhabu tupu. Alitamani awapige makofi mmoja mmoja, akianzia na huyo mpagazi.

Badala yake alifuta mikono kwenye khanga, akaitoa simu. Tanzia zilimsubiri, nyingi kama kawaida. Aliisoma ya juu mara mbili ili asikosee jina. Kisha alipanda juu ya kreti, akajaza kifua.

"Mwakeye, jamani! Kuna tanzia!"

Mwalo ukasimama. Muuza chai alizima redio. Mpagazi yule yule alitua gunia, akavua kofia. Mtu mmoja alimgusa Esther begani, naye akavichomoa vile vitu masikioni, na mikono kote ikaganda juu ya dagaa.

"Amefariki mzee Jeremia, mtoto wa Ntahondi," Melania alitangaza. "Fundi baiskeli wa Kasulu. Amefariki usiku wa kuamkia leo, nyumbani kwake. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Mazishi ni kesho saa nane, huko huko Kasulu."

Hakumharakisha. Muda ulikuwa unamla na alijua, lakini mzee Jeremia alikuwa amekufa kweli, hakuwa kengele ya kugongea watu. Alimpa kimya chake chote, kama angekuwa wa Kibirizi. Akina mama waliinamisha vichwa kwa ajili ya fundi ambaye hawakuwahi kumpelekea baiskeli.

"Sasa na mengine," alisema, na kabla hajapoteza sikio hata moja alimwaga yote: X, kitabu, saa kumi, paa, wanunuzi wa jumla, Jumatatu. "Hamkuambiwa kwa sababu mnapenda kwaya! Mimi sikuambiwa kwa sababu napenda misiba! Nendeni mkaandikwe. Acheni dagaa. Nasema acheni!"

 Saumu aliigeukia nguzo yake, akaigusa ile rangi, ikamganda kidoleni.

"Wamenichorea mimi?" aliuliza. "Mimi Saumu?"

Walipanda wote kwa pamoja, wengine peku, wengine na mabeseni kichwani. Melania alikuja nyuma, akizunguka kwanza hadi vichanja vya mwisho kabisa kuhakikisha hakubaki mtu, kwa hiyo alipofika ofisini foleni ilikuwa imeuzunguka ukuta, naye akawa wa mwisho.

Foleni ilikwenda taratibu mno. Miaka ya chumvi na mchanga ilikuwa imewalainisha vidole hawa wanawake, alama hazitoki. Kila mmoja alisugua dole kwenye khanga, akabonyeza, likatoka doa jeusi lisilo na mistari, akaambiwa arudie. Pedi ya wino ilijaa magamba. Castory alitokwa na jasho, akitazama saa ya ukutani kila baada ya jina.

Saa kumi ilipotimia alifunika kalamu.

"Akina mama, samahanini sana. Muda umekwisha. Hata kompyuta imeshajifunga."

Walikuwa wamebaki kama thelathini. Esther ndiye aliyekuwa mezani. Hakubishana. Aliweka kiganja chake katikati ya ukurasa, kikiwa na magamba na wino, akakilaza hapo. Castory alikivuta kitabu polepole, kwa adabu yake ile ile. Kiganja kikaja nacho.

"Mama, tafadhali. Mfumo umefunga."

"Mimi sikuja kwa mfumo," Esther alisema. "Nimekuja kwako. Andika."

Kule nje, kutoka nyuma ya foleni, Melania aliwasikia kunguru kabla ya kuwaona. Walikuwa wameshuka kwenye vichanja visivyo na mtu, kwanza watatu, kisha kundi, wakimenyana juu ya dagaa wa siku nzima. Wenzake nao waliwasikia. Waligeuza vichwa kutazama mteremkoni, kila mmoja akitafuta kichanja chake kwa macho, na mmoja akafyonza kwa uchungu. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Kutoka mlangoni neno likapitishwa nyuma, mdomo kwa mdomo: "Ameandika." Kisha Saumu, aliyekuwa mbele yake, akasogea hatua moja, na Melania akasogea.