Mfano Uliowaamsha

Wa kwanza kusinzia alikuwa daktari. Alianza kwa kuegemeza shavu kwenye kiganja, kana kwamba anatafakari, kisha kalamu ikamponyoka ikabingirika chini ya viti, wala hakuisikia. Nyuma yake watu wa maabara walikuwa wanapokezana miayo, na mfamasia mmoja mnene, aliyekula sahani mbili, alikuwa amefumba macho waziwazi bila hata kujisumbua kuficha. Pangaboi lilizunguka juu yao kivivu, likichanganya joto na harufu ya chakula cha mchana.

Mbele yao, mkono mmoja ukishikilia kiuno kilichomuuma tangu asubuhi, alisimama muuguzi ambaye watumishi wenzake walimwita Sista Kufuli. Jina alipewa kwa utani, maana kazi yake siku hizi ilikuwa kufundisha watumishi wa vituo mbalimbali kutunza siri za wagonjwa. Usiache kompyuta wazi. Usimpe mwenzako nywila yako. Usipige picha faili la mgonjwa ukalirusha kwenye kundi la simu. Wote waliitikia kwa vichwa, na wote, alijua, wakirudi kazini wangetumia nywila ileile moja iliyobandikwa kwa plasta chini ya kibodi, kwa sababu foleni ni ndefu na mashine ni nzito. Alikuwa amechoka kumpigia mbuzi gitaa.

Ukutani ulimulikwa mfano ulioletwa kutoka makao makuu. Bwana Fulani alikwenda hospitali fulani, akapewa dawa fulani. Aliusoma mstari wa kwanza, akawatazama wanafunzi wake, akaizima mashine.

"Jamani, hebu tumwache huyu Bwana Fulani. Niwaambie kitu nilichokiona kwa macho yangu."

Kichwa kimoja kikainuka.

"Mama mmoja, fundi cherehani, aliletwa wodini kwangu kujifungua mapacha. Mama mkwe kakaa kando ya kitanda kama mlinzi wa benki. Tunamuuliza mgonjwa, una ugonjwa wowote? Hapana. Kuna dawa unatumia? Hapana. Kumbe ana kifafa tangu utotoni, na ukweni hakuna anayejua, hata mume. Vidonge anavificha kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, maana nani atachakura vifungo vya fundi? Sasa pale wodini kopo hana, dawa hana. Mkwe katoka kidogo kwenda kunawa, mara mgonjwa mwili ukamkaza. Kidogo tuwapoteze wote watatu."

Daktari alikuwa macho. Mfamasia naye alikuwa amejiweka sawa kitini.

"Alipozinduka nikamwinamia, akaninong'oneza. Nikampa dawa yake, mkwe nikamzuia mlangoni. Watoto wakatoka salama, mmoja na kidole cha sita. Sasa niambieni, angeamini kwamba siri yake haitatoka, si angesema mapema? Siri ya mgonjwa na uhai wake ni chanda na pete."

Chumba kizima kilikuwa chake. Muda mrefu alikuwa hajaonja utamu wa kusikilizwa, na utamu huo ulimlevya kidogo. Jina hakulitaja, kwa hiyo dhamiri yake ilikuwa imetulia tuli. Maswali yakamiminika, akayajibu moja baada ya jingine, hata kiuno akakisahau.

Mtu mmoja tu hakuuliza. Alikuwa karani wa mapokezi kutoka kituo cha mbali, dada mpole aliyekaa karibu na dirisha, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika kila neno. Sasa alikuwa ameacha kuandika.

Wakati wa chai, wenzake walipotoka, alibaki akamsogelea.

"Sista, hicho kidole cha sita kiko mkono wa kushoto?"

Sista Kufuli aliugeukia mlango, akaufunga.

"Nakuuliza kwa sababu mimi ndiye humkata kucha. Ni mtoto wa kaka yangu."

"Mwanangu, mimi siwezi..."

"Huwezi kuniambia. Najua, umetufundisha." Alisema bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Wifi ananiachia watoto kila nikiwa sina zamu. Kopo la vifungo nimelishika kwa mikono yangu. Kumbe ananificha! Na kaka je, anaishi na mtu asiyemjua?"

"Utamwambia?"

"Sijui, Sista. Ni kaka yangu wa tumbo moja. Na mama akisikia, wifi atafungashiwa virago jua halijazama."

Akachukua mkoba wake akaondoka kabla ya kipindi cha mwisho. Sista alitamani kumkimbilia na kumshika mikono amsihi. Lakini amsihi nini? Amfichie mgonjwa siri, au amfichie yeye kosa? Aliona aibu kiasi cha kutaka kulia.

Kipindi kilipokwisha, alimpigia simu mganga mkuu, bosi wake, akamweleza.

"Ulitaja jina?" mganga akauliza.

"Hapana."

"Basi hakuna kilichovuja. Usijitafutie makubwa, dada. Nenda nyumbani ukapumzike."

Maneno hayo yalimwingia vizuri kama maji ya uvuguvugu miguuni. Uchovu ulimshauri ayakubali. Nyumbani kulikuwa na kitanda, na wifi mtu huenda angenyamaza, na dunia ingeendelea. Lakini ni yeye aliyezoea kuwaambia watu kwamba siri ikitoka, wa kwanza kuambiwa ni mwenye siri. Alikusanya vitu vyake akaenda kwa fundi.

Fundi cherehani alikuwa akishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alipomwona mgeni, uso ulimchanua.

"Sista! Karibu, karibu! Waone wajukuu zako, siku hizi hawashikiki!"

Mapacha walikuwa chini, wakigombania kipande cha kitambaa. Sista alisema lililomleta akiwa bado amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatalisema. Cherehani ilinyamaza.

"Walikuwepo wangapi?"

"Chumba kizima. Aliyekutambua ni wifi yako tu."

Fundi alinyoosha vidole juu ya nguo aliyokuwa akishona, akailainisha mahali palipokuwa pamelainika tayari.

"Mama yangu alipofariki," alisema, "duniani nilibaki na mtu mmoja tu anayejua. Wewe."

"Nisamehe, mwanangu."

Neno lenyewe, likishatoka, lilionekana jepesi kama uzi uliokatika.

"Wifi kasema atamwambia kaka yake?"

"Kasema hajui."

"Basi hatanyamaza. Namjua, hana kifua." Fundi alimtazama muuguzi usoni, na Sista akainamisha macho. "Mume wangu yuko njiani. Heri alisikie kwangu."

Alivuta kigoda kilichozikwa chini ya nguo za wateja, akakikung'uta.

"Kaa."

"Mimi? Hili ni la kwenu wawili, mwanangu. Mimi nimekuja tu..."

"Sista, hadithi umeshaianza mbele za watu. Kaa uimalizie. Ataniuliza kama watoto watarithi. Ataniuliza kama nitaanguka nikiwa nimewabeba. Mimi nitalia tu, sitajibu kitu. Kufundisha unajua wewe."

Sista alikaa. Kiuno kilimchoma, akakiacha kichome. Walingoja, mmoja akikwepa macho ya mwenzake, huku watoto wakicheka peke yao sakafuni.

Nje pikipiki ilizimwa. Fundi alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akasimama. Watoto walikimbilia mlangoni wakiita baba, baba, na muuguzi aliyekuwa akisema tangu asubuhi akaanza kutafuta neno la kwanza.