Herufi ya Kidonda cha Opal

Barua ya serikali ya jimbo ilibandikwa ukutani, juu ya mashine ya kahawa, na kabla ya saa nne asubuhi kila mfanyakazi wa Tansy Hollow, nyumba ya wazee pale Toledo, alikuwa ameshaisoma na kuisambaza.

"D?" Loretta Kubiak aliuliza. Yeye ndiye mhudumu wa upande wa magharibi, na umbea wa nyumba nzima hupitia kwake kwanza. Leo alikuwa wa mwisho. "Si mkaguzi aliandika kosa letu G?"

"G ni mtu kaumia kweli, dada. D ni *angeweza* kuumia," alisema Dwayne wa jikoni. "Mwanasheria wetu kakata rufaa, herufi ikashuka. Faini hakuna, na wazee wapya ruksa kuingia. Bosi kaagiza keki!"

Angeweza! Loretta ndiye aliyemgeuza Bi Opal Pruitt, mmoja wa wazee wa upande wake, ubavu, mkaguzi kasimama pembeni. Kidonda kilikuwa mgongoni, kipana kama kisosi, kinanuka nyama iliyosahauliwa juani. Mkaguzi alitoka nje kutapika.

"Wamewezaje?"

Dwayne aliacha kucheka. "Opal si alilazwa hospitali siku mbili kwa nimonia? Wamesema kidonda katoka nacho huko. Ushahidi ni karatasi zako za kukagua ngozi kila siku, dada. Siku kumi na tisa kabla hajaenda: ngozi nzima, ngozi nzima."

Loretta alijua tiki zile zilivyopatikana. Zamu ikikaribia kuisha, wahudumu hukaa meza moja, wanasimuliana nani kaachwa na nani, huku kila mmoja ananakili ya jana kwa korido nzima. Hakuna anayefunua shuka. Na harufu ile ilikuwepo kabla ya hospitali. Aliinusa, akasema ni nepi, akafungua dirisha, akaendelea na hadithi.

Mlango ukafunguliwa kwa kiuno. Mkurugenzi, Bi Hostetler, aliingia na keki ya chokoleti mikononi.

"Yuko wapi Loretta wangu? Tiki zako zimetuokoa, mpenzi! Kipande cha kwanza chako."

Wenzake wakapiga makofi. Loretta alitazama ile krimu laini, inayong'aa unyevu, akaisukuma kando.

"Kula wewe," alisema.

Akabandua barua ukutani. Chini kabisa palikuwa na namba ya ofisi ya ukaguzi. Akaipiga palepale, mbele ya watu na keki yao.

"Loretta, mpenzi, cheti chako cha uhudumu kitakwenda," Bi Hostetler alinong'ona, tabasamu bado limeganda usoni.

"Kiende."

Upande wa pili wakapokea.

"Naitwa Loretta Kubiak, wa Tansy Hollow. Zile tiki za Opal Pruitt nilidanganya, zote kumi na tisa. Sikumtazama hata siku moja. Kidonda ni cha hapa. Sasa andikeni herufi yake."